Kwa Masika, Kabla ya Sindano ya Moto

Karakanani, Mususa, Butembo

Masika,

Sikuulizi habari, maana nakusikia. Uko pale uani na mama yako, anakusuka, na mnacheka kitu ambacho bila shaka ni mimi. Chekeni tu. Mambo ya safari amekwisha kukuambia yeye: nguo za ndani, sabuni, karatasi za mpakani, usinunue chakula dirishani mwa gari. Habari ya gharama ni yangu na ya ndugu wa kanisa, usiibebe kichwani. Mimi nimejifungia humu karakanani, nimekaa juu ya kitanda cha watu ambacho hakijapigwa randa, nimeshika penseli ya kuchorea mbao, na nakuandikia kwa sababu moja: nikifungua mdomo, napayuka. Unanijua. Tangu tuliporudi kutoka Beni nimejaribu kukuambia neno moja la maana, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nimeduwaa, mwanangu. Juzi nimepima ubao mmoja, nikaupima tena, kisha nikaukata mfupi. Mteja alikuja kuulizia mlango wake, nikamkodolea macho mpaka akadhani nimeuuza kwa mtu mwingine. Mama yako anasema nimekuwa kama kuku aliyemwagiwa maji. Miaka miwili tumeuchua mguu wako, tumeupigia magoti, tumeuogopa, na sasa naambiwa kwamba ndani ya mfupa kuna kitu kidogo kama punje ya hindi, na kwamba madaktari wa Kampala watakifikia kwa sindano, watakichoma humo humo kilipo, na utatoka kwa miguu yako. Hawapasui, hawakati. Nimeyasikia kwa masikio yangu na bado nayageuza kichwani.

Acha nianze pale ilipoanza. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa unaumwa, na mtu anayeumwa hana nafasi ya kuwatazama wengine. Nataka uone nilikuwa nawaza nini.

Ulipoanza kulia usiku, nilisema ni kukua. Mimi mwenyewe miguu iliniuma nikiwa na umri wako, ikaacha. Halafu nikaona kwamba mchana unatembea, unacheka, unakula ugali wa watu wawili, na jua likizama tu unashika muundi wa kushoto, pale chini ya goti, unaanza kujikunja. Asubuhi huwezi kuamka kwenda kuteka maji. Nikajijibu haraka, kama kawaida yangu: huyu anakwepa kazi. Tena nikalitangaza mezani. "Mguu ya Masika inajua saa ya kazi," nilisema, na wadogo zako wakacheka, na wewe ukacheka pamoja nao. Siku hizi nakumbuka ulivyocheka. Ulicheka kwa adabu, kwa sababu baba ametania.

Baadaye nilikupeleka kwa mzee yule anayeunga mifupa. Sitamsema vibaya. Ndiye aliyeniunga mkono nilipoanguka kutoka juu ya paa, na mpaka leo nashika nyundo kwa mkono huo. Aliupapasa mguu wako, akaniambia wazi, "Hapa hapana kuvunjika, Baba Masika. Miye sina kazi hapa." Mimi ndiye niliyemshikilia. Nilimwambia achue tu, aweke majani ya moto, afanye kitu. Nilitaka kuona mkono wa mtu ukifanya kazi juu ya mguu ule. Alikuchua ukapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, na usiku huo maumivu yakawa mara mbili.

Ndipo nikaenda kwa Mama Espérance na kikundi chake cha maombi. Mchungaji wetu alikuwa ameshaniambia nikupeleke hospitali, tena mbele ya mlango wa kanisa, lakini hospitali nilishajibiwa mara moja kwamba wewe una upungufu wa damu, nikaona hawajui kitu. Mama Espérance alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo lilinilainisha, maana hakuna aliyekuwa amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Inamuuma mchana?" Nikasema hapana, ni usiku. Akatikisa kichwa. "Kitu ya usiku inatoka kwa batu ya usiku, Papa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alileta chakula kwenu kabla mguu ianze?"

Alimaanisha wachawi, na sikuhitaji kufikiri sana. Ni shangazi yako Kavugho, dada yangu. Yeye anakaa Beni, anauza samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge, na kila alipopanda Butembo na vikapu vyake alipita kwetu, na samaki mkubwa kuliko wote alikuwa wako. "Ya Masika," alikuwa akisema, na mama yako alikatazwa kumgawa. Sasa nikaanza kujiuliza: kwa nini ya Masika? Kwa nini si ya watoto wote? Mtu akishaanza kujiuliza hivyo, kila wema unageuka kuwa ushahidi.

Unajua kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza. Ni heshima, wageni wapate kunywa bila shaka moyoni. Lakini hakuna mtu anayemwambia dada yake wa tumbo moja aonje. Mimi nilimwambia. Alikuja siku ile ya mvua, amelowa, akapika yeye mwenyewe jikoni kwa mama yako, akaleta sahani mezani.

"Kavugho," nikasema, "onja kwanza."

Alicheka. "Nionje nini, Kaka? Samaki yangu miye mwenyewe?"

"Onja mbele ya batoto."

Alinitazama, akamtazama mama yako, akakutazama wewe. Akavuta sahani. Alimla samaki yule wote, peke yake, taratibu, akitenga miiba pembeni, machozi yanamdondoka na hayafuti. Hakuna aliyeondoka mezani. Alipomaliza alinawa mikono, akaongea na mama yako tu. "Mama Masika, bakieni muzuri. Miye hapana rudia hapa. Lakini ile mguu, mupeleke ku docteur wa mifupa."

Na mimi, ona akili ya baba yako, nikasema moyoni: anajihami.

Bado kuna jambo la aspirini. Wewe ndiye uliyeligundua. Mwenzako wa shule alikupa kidonge kwa sababu ya kichwa, na usiku ule ukalala. Ukaomba kingine, ukalala tena. Mama yako akawa anakununulia duka la dawa pale kona. Mimi nikafurahi, nikampelekea Mama Espérance habari njema, na yeye akakunja sura. Alisema dawa ile inamfunika adui, kwamba tukimfunika hatajitokeza tumkemee. Nikarudi nyumbani, nikachukua vidonge, nikavitupa chooni. Tulifunga tukaomba juma zima, na wewe juma zima uliuma shuka ili wadogo zako walale. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wako, Masika. Nilikuwa nakusikia unavyojizuia, nikashukuru kwamba adui anateseka.

Hayo yote unayajua. Nimeyaandika kwa sababu sijawahi kuyasema kwa mpangilio, na kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa kilichonipata Beni.

Mama yako aliponiambia anakupeleka kwa wazazi wake Eringeti ukapumzike, niliamini. Sikujua kwamba mmeshuka Beni, kwamba mmelala kwa Kavugho, kwamba Kavugho amekupeleka kwa daktari, kwamba daktari ametaka picha kubwa ya skana, na kwamba yeye, aliyezoea njia ya Kasindi kwa biashara yake, amekuvusha mpakani ili ukapigwe picha hiyo upande wa pili. Wanawake watatu mmenizunguka kama mtoto. Simu ilipolia na mtu akajitambulisha kuwa ni daktari, anataka baba mzazi afike, nilifikiri umekufa. Sikumbuki nilivyofika Beni. Nakumbuka tu kwamba nilivaa viatu viwili visivyofanana, na kwamba daktari, kijana yule aliyetumwa kazini huku kutoka Kasai, aliviona na hakusema kitu.

Ulikuwa umekaa karibu na dirisha. Mama yako alikuwa anaangalia sakafu. Nikafungua mdomo nipayuke, daktari akanitangulia.

"Papa, kaa kwanza. Miye nina maswali mbili tu. Mutoto, ni usiku njo inamuuma zaidi?"

"Ndiyo, Docteur."

"Na akimeza aspirine, anapata kulala?"

Nikasema tulimkataza. Akauliza tulimkataza kwa nini. Nikaanza kueleza, nikajisikia ninavyoeleza, nikanyamaza katikati. Yeye hakucheka. Laiti angecheka ningemkasirikia, ningepata pa kushika.

"Papa," akasema polepole, "ile usiku na ile aspirine, ni bile bitu mbili njo binatuambia jina ya ugonjwa. Hata kabla ya picha, miye nilianza kuwaza ile."

Masika, hapo ndipo kiti kiliponikataa. Vitu vile vile viwili! Usiku, niliouchukua kumhukumu dada yangu. Aspirini, niliyoitupa chooni. Ugonjwa ulikuwa unajitaja jina lake kila siku nyumbani mwangu, na mimi nilikuwa nauziba mdomo.

Kisha akageuza kompyuta. Nilitegemea kuona mguu. Badala yake nikaona mfupa wako umekatwa vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama gogo linalopita kwenye msumeno, na hakuna tone la damu. Hiyo kazi naijua. Naangalia kichwa cha ubao nakuambia mti ulikaa wapi na kifundo kiko wapi. Nikaona ganda la mfupa limenenepa upande mmoja, na katikati ya unene huo kiduara kidogo cheusi chenye nukta nyeupe ndani.

"Ni kadudu gani kale?" nikauliza.

"Hapana mududu, Papa. Ni kauvimbe ka ndani ya mfupa. Kwa namna tunakaona, haiko cancer. Ni kadogo, mais kanauma kupita bukubwa yake."

"Kwa hiyo munakata mguu."

"Hapana."

"Munapasua mfupa."

"Zamani balikuwa banapasua, banatoa kipande. Sasa kule Kampala banaweza kuingiza sindano. Mutoto analazwa usingizi, anawekwa ndani ya mashine ya picha. Banapiga picha, banasogeza sindano kidogo, banapiga tena, banasogeza tena, mpaka ncha inafika katikati ya kale kauvimbe. Pale njo banapeleka moto ku ncha. Dakika kidogo tu. Kanakufia pale pale."

"Na tundu?"

Akachukua kalamu yake, akanionyesha ncha. Si mwili wa kalamu, Masika. Ncha.

Nilicheka. Unakumbuka? Mlidhani nimefurahi. Nilicheka kwa sababu maisha yangu yote nimetoboa miti, na najua kwamba asiyeona kifundo atavunja ubao mzima akikitafuta. Mimi niliivunja nyumba nzima. Nilimvunja dada yangu, nikakuvunjia usingizi, na kitu chenyewe kilikuwa kinaingia kwenye ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Sijamaliza. Yule daktari aliuliza tena swali moja, la kawaida kabisa, huku anaandika. Alisema hospitali ya kule inataka mtu mzima mmoja wa familia akae nawe, awepo unapolala na awepo unapoamka. Akakuuliza wewe, "Unataka nani?" Nilikuwa nimeshaanza kufikiri kazi zangu nimwachie nani. Na wewe, bila kunitazama, ukasema, "Shangazi."

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Ulisema kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi. Mama yako alinishika mkono chini ya meza. Nilitoka nje, na Kavugho alikuwa amekaa hapo barazani kwenye benchi, na mfuko wako mapajani, maana aliogopa kuingia ndani nikiwemo. Nilipita mbele yake. Miguu haikusimama. Nilifika mpaka barabarani, nikashika nguzo ya umeme, nikalia mbele za watu wa Beni ambao hawanijui.

Basi nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kwa nini jibu lako limeniuma hivi. Kwanza nilikuwa na wivu, nakiri. Kisha likanijia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Tulipokuwa wadogo kule milimani, funza walikuwa wananitafuna vidole vya miguu. Baba yangu akinishika kunitoa funza, napiga mateke, na yeye anapiga makofi. Kavugho alikuwa akisubiri baba aende shambani. Alinikalisha juu ya gunia, akaweka mguu wangu mapajani, akaniuliza jina la kila mbuzi wa jirani. Nikiwa bado nataja mbuzi, pini ilikuwa imeingia na kutoka, na funza mzima yuko kwenye jani. Kitundu kidogo tu, hakuna damu. Mguu wote ulikuwa wangu tena. Dada huyo ndiye uliyemchagua. Ningekuwa na akili, ningemchagua mimi kabla yako.

Leo mchana amefika. Wewe ulikuwa umeenda kuaga wenzako, kwa hiyo hukuona. Alisimama nje ya uzio, hakupiga hodi. Mama yako akamwita, akakataa kuingia. Nikatoka mimi, na vumbi la mbao kichwani.

"Karibu, Kavugho."

"Miye sikuje juu yako, Kaka. Nakuja kukamata mutoto. Gari inaondoka asubuyi sana, tutaungana na msafara ya askari pale Beni."

Nikataka kupiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa, tena nilikuwa na maneno. Alinyanyua mkono.

"Hapana. Usipige magoti hapa, batu banaangalia. Na miye moyo yangu haijatayari. Nitakuambia siku itatayari."

"Nifanye nini basi?"

"Semeshana na mutoto. Yeye njo analala na maumivu, hapana miye. Umemusemesha?"

Nikasema bado. Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa, akanywa amesimama pale pale nje ya uzio, akarudisha kikombe. Usiku huu atalala kwa rafiki yake wa sokoni, asubuhi atakuchukulia hapo mlangoni. Usimlazimishe kuingia, na usijaribu kutupatanisha mkiwa njiani. Hiyo si kazi yako. Nilipomwona anashuka barabara nilitamani kumfuata, lakini nikaona kwamba kumfuata ni kujitafutia mimi nafuu. Nikaingia humu nikachukua penseli.

Kwa hiyo hii ndiyo semeshano yetu, Masika. Ningependa kukupa busara, lakini yangu imepata ajali. Nitakuambia tu ninayoyaona leo.

Hukuwahi kunikasirikia. Hilo linanitisha kuliko uvimbe. Ulikubali mguu wako uitwe uvivu, kisha uchawi, kisha majaribu ya imani, na kila mara ulisema, "Ndiyo, Baba." Nilikulea hivyo na nikajisifu kanisani kwamba nina binti msikivu. Kule unakokwenda, mtu wa koti jeupe akikuuliza kama inauma, usitazame kwanza uso wake uone anataka jibu gani. Sema inauma au haiumi. Ukiwa hujaelewa wanachotaka kukufanyia, waambie waeleze tena, hata kama ni mara ya tatu, hata kama shangazi anakukonyeza. Mimi niliuliza swali la kipumbavu la mdudu, na ndilo lililonifungua macho.

Na ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Niandikie. Nipigie nitukane, nitakaa kimya, nakuahidi nitajaribu.

Usiache kuomba. Mungu hakunituma nitupe vidonge. Hata Mama Espérance sitaki umchukie. Nilimwendea nikiwa natafuta mtu wa kulaumu, na aliniuzia nilichotaka kununua. Ningeenda kwa mwingine, ningetoka na jina lingine, na pengine lingekuwa la mama yako.

Sasa jambo ambalo huenda wamekuficha, na mimi sitaki tena kuficha. Daktari wa Beni aliniita pembeni. Alisema karibu wote wanaofanyiwa hivi wanapona, lakini si wote. Kwa wengine uvimbe unarudi na sindano inarudiwa. Sindano ile ina moto, na moto ukipotea njia unaweza kuunguza ngozi au mshipa, ndiyo maana wanapiga picha baada ya picha, wasikimbilie. Na kupitia tundu lile lile watachukua kipande kidogo wakipime, wawe na hakika ni kile wanachofikiri. Mpaka kipimo kirudi, hakuna anayeapa. Nilimuuliza kama kuna uwezekano wa jambo baya. Akasema, "Uwezekano iko kidogo, Papa, mais siwezi kukudanganya." Nilimpenda kwa hilo. Mimi ningekudanganya.

Naogopa, mwanangu. Naogopa usingizi watakaokupa, naogopa barabara ya Kasindi isiyopitika bila askari, naogopa kipimo hicho, na naogopa kwamba utapona halafu utaona huna haja ya kurudi kwa baba wa namna hii. Hofu ya mwisho ni ya kwangu, iache hapa hapa karakanani. Miezi ya mwanzo usiruke, usikimbie, mfupa una tundu na unataka muda wa kuliziba. Hilo ni agizo la daktari, si langu, kwa hiyo litii.

Wamesema maumivu yanaweza kuondoka usiku ule ule, au baada ya siku chache. Shangazi yako amekubali kuniambia jambo moja tu kwa simu, kwamba sindano imetoka na umeamka. Baada ya hapo sitapiga. Nimemwambia mama yako naye asipige. Lakini usiku wowote mguu ukikuuma, saa yoyote, nipigie mimi. Sitasema unakua. Sitasema wewe ni mvivu, wala sitamkemea mtu yeyote. Nitashika simu, utalia kwa sauti uitakayo, na mimi nitasikiliza mpaka mwisho.

Nitalala na simu karibu na sikio, Masika, na nitaomba isilie.

Baba yako,
Kakule